Bawa la Juu Linapoinama: Majibu kwa Waundaji wa Ndege za Karatasi

*Ndugu Mhariri, tangu mwezi uliopita ninaunda modeli ya karatasi ya Avia B-534, ndege ya kivita ya Chekoslovakia ya miaka ya 1930 yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Skeli yake ni 1:33, yaani ni ndogo mara 33 kuliko ndege halisi. Kiwiliwili na bawa la chini vimekamilika na vinapendeza, lakini nilipobandika bawa la juu niligundua kwamba, ukiitazama ndege kutoka mbele, ncha ya kushoto iko chini kuliko ya kulia kwa milimita 4 hivi. Nguzo zote nilizisokota kwa karatasi kama mchoro ulivyoagiza. Nimejaribu kulivuta bawa kwa uzi ili linyooke, na sasa uzi umeanza kulikunja. Je, nianze upya? — Msomaji wa Tanga*

Usianze upya. Ila ukate huo uzi leo hii, kabla hata hujaendelea kusoma, kwa sababu kila siku unayouacha ukiwa umekazwa, karatasi ya bawa inazidi kuuzoea mkunjo huo, na mkunjo uliozoeleka ni mgumu kuutoa kuliko kosa la nguzo lililokufikisha hapo.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayotuonyesha kosa lilipo. Mabawa ya B-534 halisi yalikuwa na upana wa mita 9.4 kutoka ncha hadi ncha; ukigawanya kwa 33 unapata sentimita 28.5 hivi. Bawa lako la juu limebebwa katikati na nguzo fupi zinazotoka mgongoni mwa kiwiliwili, mbele ya chumba cha rubani, na tuseme kwamba nguzo za kushoto na za kulia zimeachana kwa sentimita 2.5. Tofauti ya milimita 4 kati ya ncha mbili za bawa, ikirudishwa kwenye nafasi hiyo ndogo, inakuwa takribani theluthi moja ya milimita. Kosa lako lote ni hilo. Nguzo moja imezidi mwenzake, au imezama zaidi ndani ya tundu lake, kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona nguzo zikiwa mkononi, lakini bawa linakikuza zaidi ya mara 10 kabla ya kukuonyesha kwenye ncha. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika ndege za aina hii kazi ngumu kuliko zote ni zile nguzo nne au sita za katikati, ingawa waundaji wengi huzibandika kwa haraka jioni moja wakiwa na hamu ya kuona ndege ikikamilika.

Nguzo ya karatasi iliyosokotwa ina udhaifu wake. Inapolowa gundi huvimba, inapokauka husinyaa, na ukiibonyeza ili ishike, ncha yake hujikunja ndani bila wewe kujua. Kwa hiyo nguzo mbili zilizokatwa kwa urefu mmoja hazibaki na urefu mmoja. Mimi huweka kiini kigumu ndani yake, ama waya ya chuma nyembamba iliyonyooka, ama njiti ya mshikaki iliyochongwa hadi ikawa bapa kidogo, kisha huizungushia karatasi iliyochapwa rangi. Kata viini vyote kwa pamoja, vipange vikiwa vimesimama juu ya kioo, na upitishe rula juu yake. Kilichozidi kitainua rula, nawe utakipunguza kwa msasa laini hadi rula itulie.

Lakini kabla hujaligusa bawa la juu, lichunguze la chini, kwa sababu mara nyingi bawa la juu hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Weka modeli juu ya kipande cha kioo cha dirisha, kwani meza za mbao huwa zimepinda kuliko tunavyodhani, na uisimamishe ili mkia uwe wima kabisa. Pima kimo cha kila ncha ya bawa la chini kutoka kwenye kioo. Kisha pima umbali kutoka kila ncha hadi mwisho wa mkia. Umbali huo ukitofautiana, bawa halikukaa kimsalaba na kiwiliwili. Ncha za chini zikiwa na tofauti ile ile ya milimita 4, kiwiliwili chenyewe kimejisokota, na itakubidi urekebishe bawa la chini kwanza. Zikiwa sawa, endelea nami.

Kulitoa bawa la juu si jambo la kutisha iwapo ulitumia gundi nyeupe ya maseremala. Gundi hiyo hulainika kwa joto. Pasha moto ncha ya kisu chembamba, uipitishe polepole kwenye kiungo, na nguzo itaachia yenyewe bila kuvutwa. Iwapo ulitumia supa gluu, kata nguzo katikati na uzitupe, kwani kuing'oa ni kuchana ngozi ya bawa.

Sasa ligeuze bawa. Lilaze chali juu ya kioo, mgongo wake ukiwa chini, na kama mchoro unaonyesha kwamba ncha zake zimeinuka kidogo, pandisha katikati kwa vipande vya kadibodi hadi ufikie umbo hilo. Zibandike nguzo za katikati kwenye bawa hilo lililolala, ukiziacha zisimame zenyewe zikauke usiku kucha. Siku ya pili geuza pia kiwiliwili na bawa lake la chini, ukishushe taratibu juu ya nguzo bila gundi, na upime: ncha za bawa la chini, ambalo sasa liko juu, lazima ziwe na kimo kimoja kutoka kwenye kioo. Zisipokuwa sawa, punguza nguzo iliyozidi kwa msasa, mara moja au mbili tu kila safari, ukipima tena. Mimi hutumia saa nzima katika hatua hii na sijawahi kuijutia. Gundi huingia mwisho, tone dogo kwa kila nguzo, na modeli hukaa hivyo hivyo miguu juu hadi ikauke kabisa.

Nguzo za pembeni, zile zenye umbo la herufi N ambazo huunganisha mabawa mawili karibu na ncha, ziundwe juu ya mchoro wake uliofunikwa kwa nailoni angavu, ya kushoto na ya kulia zikilaliana ili zifanane. Ziingie mahali pake bila kusukumwa. Nguzo ya pembeni ikihitaji nguvu ndipo iingie, basi nguzo za katikati bado zina kosa, nawe utakuwa unalificha tu.

Nimalizie na suala la uzi. Katika ndege halisi, mabawa, nguzo na waya za mshazari vilifanya kazi pamoja kama sanduku moja: waya nyingine zilibeba uzito wakati ndege ikiwa angani, nyingine zilipokea mzigo wakati ikitua, na mafundi walizikaza au kuzilegeza hadi mabawa yakae sawa. Utaratibu huo ndio uliowawezesha wahandisi wa wakati ule kutumia mabawa membamba na mepesi yenye nguvu ya kutosha. Bawa la B-534 lilikuwa na mifupa ya chuma ndani ya kitambaa, hivyo liliweza kustahimili kuvutwa. La karatasi haliwezi. Modeli yangu ya kwanza ya aina hii niliifunga uzi wa nailoni uliokazwa kama wa gitaa, nikaifurahia sana jioni ile, na masika yalipopita nikakuta mabawa yote mawili yamejikunja kuelekeana. Tangu hapo situmii uzi wa kuvuta. Chukua waya nyembamba ya shaba kutoka kwenye mota iliyoungua, inyooshe kwa kuiviringisha kati ya kioo na rula, ikate kwa urefu kamili wa nafasi yake, na uishikize kwa tone la gundi kila upande. Waya yenye unene wa milimita 0.2 inatosha, kwa kuwa katika skeli ya 1:33 ni sawa na waya ya milimita 6 au 7 ya ndege halisi. Haivuti chochote.

*Mhariri, mchoro nilio nao wa ndege hiyo hiyo ya B-534 unaonyesha rubani akiwa wazi, lakini picha nyingi nilizoziona zina paa la kioo. Je, mchoro wangu una kosa? — Msomaji wa Dodoma*

Hauna kosa. Ndege hii, iliyobuniwa na mhandisi František Novotný katika kiwanda cha Avia mjini Praha na kuruka kwa mara ya kwanza kwa injini ya Hispano-Suiza mwaka 1933, iliundwa kwa mafungu yaliyotofautiana. Mafungu matatu ya mwanzo yalikuwa na chumba cha rubani kilicho wazi. Paa lililofungika lilikuja na fungu la nne, pamoja na mgongo ulioinuliwa nyuma ya kichwa cha rubani. Kwa hiyo usichukue paa peke yake ukalipachika kwenye mchoro wako, kwani mgongo wa kiwiliwili nao ni tofauti. Angalia pia bunduki: zile za mwanzo kabisa zilikuwa na bunduki nne, mbili kati yake zikiwa katika bawa la chini, kisha zote nne zikawekwa ubavuni mwa kiwiliwili, na ndizo zilizoleta vile vivimbe virefu vya pembeni vinavyowasumbua wakataji karatasi.

Kama unapenda historia, chagua fungu kwa kufuata kisa unachotaka kukisimulia. Chekoslovakia ilipokaliwa na Wajerumani mwezi Machi 1939, ndege hizi hazikupata nafasi ya kuitetea nchi iliyoziunda. Ziligawanywa, nyingine zikaenda kwa Wajerumani, nyingine Slovakia, na nyingine zikauzwa Bulgaria. Zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Hata hivyo, tarehe 2 Septemba 1944, wakati wa maasi ya Waslovakia dhidi ya Wajerumani, rubani František Cyprich aliiangusha ndege ya usafiri aina ya Junkers Ju 52 ya Hungaria akiwa ndani ya B-534, na huo unahesabiwa kuwa ushindi wa mwisho wa angani uliopatikana kwa ndege ya mabawa mawili. Mimi huona uchungu ninapolikumbuka jambo hilo, kwamba ndege iliyokuwa miongoni mwa bora barani Ulaya ilipozaliwa ilipata kupigania watu wake ikiwa tayari ni kikongwe.

*Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha shule ya msingi na nina klabu ya wanafunzi 12. Ili kuokoa karatasi nilipunguza mchoro wa 1:33 uwe 1:48, lakini mbavu za kadibodi zinakataa kuingia katika nafasi zake, na ngozi ya kiwiliwili haifiki kukutana. Nimekosea wapi? — Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, hesabu yako bila shaka ni sahihi: 33 kwa 48 ni asilimia 69 hivi. Kilichokuponyoka ni kwamba mashine ilipunguza michoro lakini haikuweza kupunguza unene wa kadibodi. Nafasi iliyochorwa kwa ajili ya kadibodi ya milimita 1 sasa ina upana wa milimita 0.7, nawe unalazimisha kadibodi ile ile iingie. Vivyo hivyo ngozi: ikiwa nene kupita ilivyokusudiwa, mduara wa mbavu unakuwa mkubwa kuliko karatasi inayouzunguka, na kingo hazikutani.

Tafuta kadibodi nyembamba zaidi. Maboksi ya biskuti na ya dawa ya meno yanafaa sana, nayo hayagharimu kitu. Ili kujua unene wake bila chombo maalumu, kata vipande 10, vibane pamoja, upime rundo kwa rula, kisha ugawanye kwa 10. Kwa ngozi ya kiwiliwili, kama mchoro wa awali uliagiza karatasi ya gramu 160, tumia ya gramu 120 au chini kidogo. Zikibaki mbavu chache zilizozidi, zipunguze kwa msasa pande zote kabla ya kuzifunika, na ujaribishe kila kipande cha ngozi kikiwa kikavu.

Jambo jingine ni uchapaji. Hakikisha kwamba kurasa zote zimechapwa siku moja kwenye mashine moja, na kwamba mtu wa steshenari hakuiachia kompyuta ibane mchoro ili utoshe kwenye ukurasa, kwani hapo ukubwa hupungua kwa asilimia chache pasipo mtu kutambua. Pima mstari mmoja ambao urefu wake unaujua kabla ya kulipia.

Wafundishe pia watoto mwelekeo wa nyuzi za karatasi, somo ambalo mimi nililichelewa kwa miaka mingi. Karatasi hukunjika kwa urahisi ikifuata nyuzi zake na hukataa ikivukwa. Ishike ukurasa na uukunje kidogo kwa urefu, kisha kwa upana. Upande ulio laini ndio wa nyuzi. Vipande vya kiwiliwili vipangwe ili nyuzi zielekee kutoka pua hadi mkia, na vya mabawa ili zielekee kutoka ncha hadi ncha. Ukikosea hapo, kiwiliwili kitakuwa na mikunjo yenye pembe badala ya kuwa mviringo, hata mkono uwe hodari namna gani. Usiviviringishe vipande hivyo kwa vidole vitupu. Laza karatasi juu ya kitambaa laini na upitishe mche wa kalamu mara nyingi hadi ijikunje yenyewe.

*Mimi naishi Mombasa. Rangi ya mchoro wangu inatoka kila ninapoigusa kwa gundi, na mabawa yamejipinda kama mtumbwi. — Msomaji wa Mombasa*

Mchoro wako umechapwa kwa mashine ya wino wa maji. Upulizie vanishi angavu mara mbili au tatu, kila mara kidogo sana, kabla ya kukata kipande chochote. Mashine ya poda haina tatizo hilo, lakini poda hupasuka kwenye mikunjo, hivyo itakubidi kupitisha penseli ya rangi pale ilipobanduka. Kingo nyeupe za karatasi zipakwe rangi ya maji kwa brashi iliyo karibu kukauka, vinginevyo maji yatapanda ndani ya mchoro.

Kuhusu kujipinda, hewa ya pwani ina unyevu, na karatasi huupokea kwa kutanuka. Bawa lililobandikwa gundi upande mmoja tu hutanuka kwa kutolingana. Paka gundi kidogo iwezekanavyo, weka boriti ya kadibodi ngumu ndani ya bawa kutoka ncha hadi ncha, ulikaushe chini ya vitabu vizito kwa siku nzima, na usilipeleke kwenye modeli kabla ya kuhakikisha kwamba limelala sawa juu ya kioo.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa Nakuru. Naomba kuuliza, je, ndege za aina hii zimewahi kuruka kwetu? Na ninayeanza niunde ipi? — Mwanafunzi*

Marahaba, mwanangu. Zimeruka. Mwaka 1940, vita vilipofika mpaka wa Kenya na Ethiopia, kikosi cha anga cha Afrika Kusini kilileta Kenya ndege za Hawker Hartbees, ambazo nyingi kati yake ziliundwa Pretoria, na kikosi kilichotoka Rhodesia Kusini (Zimbabwe ya leo) kilikuwa Nairobi na ndege za Hawker Hardy. Zote mbili ni za ukoo wa Hawker Hart, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1928. Upande wa pili Waitalia walikuwa na Fiat CR.42, nayo pia ya mabawa mawili.

Hata hivyo, usianze na hizo, wala usianze na B-534. Pua zake zina mizunguko mingi inayoukatisha tamaa mkono mchanga. Anza na Polikarpov U-2 ya Umoja wa Kisovyeti, iliyoruka mwaka 1928 kwa ajili ya kuwafunza marubani, na ambayo wakati wa vita ilirushwa usiku na kikosi cha marubani wanawake wakiangusha mabomu. Ubavu wake ni bapa, kwa hiyo kiwiliwili ni kama sanduku refu lenye paa la mviringo, na mabawa yake ya juu na ya chini yanakaribiana kwa umbo. Michoro ya nchi za Ulaya ya Mashariki ni mizuri. Huko jarida la Mały Modelarz la Poland na ABC la Chekoslovakia yote yalianza mwaka 1957, na vizazi vya watoto vimekatia humo ndege zao za kwanza.

Ugumu wake uko mahali pamoja tu: injini yake ina mitungi (silinda) mitano inayoonekana wazi. Iunde hiyo kwanza, kabla ya kukata kiwiliwili. Sokota kila mtungi kwa ukanda mwembamba wa karatasi juu ya njiti ya kiberiti, uzungushie uzi mweusi wa kushonea ili upate mapezi ya kupoozea, na uunde mitungi minane. Kisha uchague mitano iliyofanana zaidi.